Dawa ya kila mwezi: ikufuate kwa posta au uifuate kaunta? Ulinganisho kwa wenye bima Marekani

Mama mmoja alifika kaunta yetu Ijumaa jioni akiwa bado na beji ya ghala shingoni, ametoka zamu moja kwa moja. Aliweka mbele yangu kichupa cha amlodipine, dawa yake ya presha. Ndani vilikuwa vimebaki vidonge vinne. Nikaingiza namba, kompyuta ikafikiri kidogo, ikaleta jibu: bima imekataa. Mwezi uliopita bima hiyo hiyo ililipa, na mwezi wa kabla yake pia. Akaniuliza, "Mwanangu, nimekosa nini?"

Hakuwa amekosa kitu. Dawa ilikuwepo kwenye rafu, kazi alikuwa nayo, kadi yake ilikuwa hai. Kilichotokea ni kwamba bima ya kazini kwake ina kanuni: dawa ya kutumia kila siku unaruhusiwa kuichukua dukani mara mbili tu. Kuanzia mara ya tatu inatakiwa itoke kwenye famasia yao ya posta, dawa ya siku 90 kwa mpigo. Barua ya kumweleza hayo ilikuwa imetumwa nyumbani. Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa kadhaa, imefanana na matangazo yote yanayojaa kwenye sanduku la barua, na akaitupa pamoja nayo.

Mimi ni msaidizi wa mfamasia katika duka la dawa huku Kentucky. Kwa kuwa naongea Kiswahili, wenzangu huniita kila anapofika mtu wa kwetu: wengi ni ndugu zetu kutoka Kongo, wengine Burundi, Kenya, na Tanzania nilikozaliwa mimi. Habari hii nimeieleza kaunta mara nyingi kuliko nyingine yoyote, huku foleni ikisubiri nyuma ya mteja, kwa dakika mbili ambazo hazitoshi. Mshahara wangu unatoka dukani, na hilo ulijue unaposoma ulinganisho huu. Hata hivyo zipo dawa ambazo mimi mwenyewe humwambia mteja, "Hii ipeleke posta, usihangaike kuja huku kila mwezi."

Nani anayekusukuma posta

Wengi wetu tunakutana na jambo hili siku tunapohama bima. Aliyefika kama mkimbizi kwa kawaida alianza na Medicaid, bima ya serikali, akawa anachukua dawa dukani kila mwezi bila kulipa, au kwa dola chache. Baadaye akapata kazi, mwajiri akampa bima ya kazini, kadi mpya ikaja. Juu ya kadi kuna jina la bima. Lakini anayeamua mambo ya dawa ni kampuni nyingine iliyo nyuma ya hiyo, tuiite msimamizi wa dawa. Wakubwa ni watatu: CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx. Ripoti ya Tume ya Biashara ya serikali kuu iliyotoka mwaka 2024 ilisema hao watatu walipitisha karibu asilimia 80 ya dawa zote za cheti, yaani za kuandikiwa na daktari, nchini mwaka 2023.

Kila mmoja wao ana uhusiano wa damu na famasia ya posta: mwenye nyumba ni yule yule. Ndiyo maana wanakusukuma huko. Mwajiri wako naye, ambaye ndiye anayebeba sehemu kubwa ya gharama, ameelezwa kwamba dawa ya miezi mitatu ikitoka kwenye ghala kubwa linalojaza vichupa kwa mashine itamgharimu kidogo. Anayebaki kukuambia hapana usoni ni kijana wa kaunta, ambaye hakushiriki mkutano wowote kati ya hiyo, na ambaye duka lake linapoteza mteja siku hiyo hiyo. Naomba uikumbuke hiyo kabla hujapandisha sauti.

Kwanza ujue: ni lazima ya aina gani?

Barua itasema ni lazima. Kwa niliyoyaona, hiyo lazima ina sura tatu, na tofauti zake ni kubwa.

Kuna lazima yenyewe: ukimaliza ruhusa zako mbili au tatu za dukani, bima hailipi hata senti moja usipokwenda posta. Kuna lazima ya adhabu: dukani bima bado inalipa, lakini kopei yako, yaani ile sehemu unayotoa wewe kaunta, inapanda, wakati mwingine mara mbili. Halafu kuna lazima inayoisha kwa simu moja. Unapiga, unasema umechagua kubaki na duka lako, wanaandika kwenye faili, basi. Dawa inaendelea kutoka dukani kama zamani. Watu hawaijui hii ya tatu kwa sababu kwenye barua imeandikwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Nilimfahamu baba mmoja aliyelipa bei kamili ya dawa yake ya kolesteroli kwa miezi minne kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba bima yake ilikuwa ya aina hiyo. Sisi wa kaunta hatukumwambia pia, kwa sababu kwenye kompyuta yetu sura zote tatu zinakuja na jibu linalofanana.

Kwa hiyo geuza kadi yako ya bima. Nyuma kuna namba ya simu ya wanachama, mara nyingi na nyingine ya mambo ya dawa. Mtu akipokea, sema "Swahili interpreter, please," halafu usubiri. Kampuni hizi zina wakalimani wa simu na hulipi kitu. Usimpe mtoto wako wa darasa la nne simu akutafsirie mambo ya dawa ya moyo. Ukishapata mkalimani, uliza hivi: Je, dawa hii ni lazima itoke posta, au naweza kukataa? Nimebakiwa na mara ngapi za kuichukua dukani? Je, kuna maduka ambayo naweza kuchukua dawa ya siku 90 kwa bei ya posta? Andika majibu, tarehe, na jina la aliyekujibu. Swali la mwisho ndilo lenye uzito, nitalirudia.

Pesa

Hapa posta hushinda mara nyingi, na sioni sababu ya kuficha. Chukua mfano wa bima ambayo kopei ya dukani ni dola 10 kwa siku 30, na posta ni dola 20 kwa siku 90. Kwa mwaka unalipa dola 120 dukani, dola 80 posta. Dola 40 si kitu cha kuhama nyumba. Lakini kwa dawa ambayo bima imeiweka ngazi ya juu ya bei, yenye kopei ya dola 45 kwa mwezi dukani na dola 90 kwa miezi mitatu posta, tofauti inafika dola 180 kwa mwaka. Mwenye dawa tatu za namna hiyo anaongelea kodi ya nyumba.

Mtego uko mwanzoni mwa mwaka. Bima nyingi za kazini zina kiasi cha kwanza unachokibeba mwenyewe kabla hazijaanza kusaidia, na kiasi hicho huanza upya, kwa wengi mwezi wa Januari. Dawa ambayo bei yake kamili ni dola 300 kwa mwezi, ukiagiza posta ya miezi mitatu, inakuwa bili ya dola 900 kwa siku moja. Dukani ungeumia pia, lakini ungeumia kwa mafungu. Na famasia ya posta ikiwa imehifadhi namba ya kadi yako ya benki, hukai mbele ya mtu ukasema "subiri kidogo, nirudi wiki ijayo." Pesa zinaondoka, sanduku linakuja. Nimeona mtu akikosa kodi kwa ajili hiyo.

Halafu kuna bei ya kulipa taslimu bila bima, ambayo watu wetu hawaiulizi. Kwa dawa za kawaida zisizo na jina la kampuni inaweza kuwa chini ya kopei yako. Walmart wana orodha yao tangu mwaka 2006: dola 4 kwa siku 30, dola 10 kwa siku 90, kwa dawa zilizomo, na metformin ya kisukari na lisinopril ya presha ni miongoni mwake. Ukilipa hivyo, kanuni ya posta haikuhusu kabisa kwa sababu bima hukuihusisha. Ila ujue kwamba kwa kawaida pesa hiyo haihesabiwi kwenye kile kiasi cha kwanza, na kompyuta ya bima haitajua unatumia dawa hiyo. Kwa hilo la pili, mwambie mfamasia kwa mdomo.

Muda

Dukani, cheti kikishafika na dawa ikiwepo, unaondoka nayo siku hiyo. Posta ni safari. Daktari atume cheti kipya cha siku 90, wao wakipokee, wakiwa na swali wampigie daktari, daktari arudishe simu, kadi ya benki ikubali, ndipo mzigo ufungwe na kuondoka. Ushauri wa kawaida kwa agizo la kwanza ni kuwa na dawa ya wiki mbili mkononi kabla hujaanza. Mimi nasema wiki tatu, kwa sababu moja tu ninayoiona kila wiki: famasia ya posta hupiga simu kuuliza kitu kidogo, namba ni ngeni, na sisi hatupokei namba ngeni. Tumeshachoka na matapeli. Agizo linakaa, linasubiri, na wewe unadhani liko njiani.

Ukishaagiza, uliza namba wanayotumia kukupigia na uihifadhi kwenye simu kwa jina. Omba wakutumie ujumbe mzigo unapoondoka. Hilo dogo limeokoa watu wengi kuliko ushauri wangu wote mwingine.

Agizo la pili na kuendelea ni rahisi zaidi, na hapo posta inapendeza kweli: mara nne kwa mwaka badala ya kumi na mbili. Kwa anayefanya kazi zamu ya usiku, asiye na gari, mwenye watoto wadogo, safari nane alizoepuka ni kitu kikubwa.

Joto, baridi, na kibaraza cha mbele

Julai moja mzee wangu mmoja alikuja na sanduku la povu, akaliweka kaunta kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Ndani kulikuwa na kalamu tano za insulini za siku 90. Sanduku lilikuwa limeachwa barazani asubuhi, yeye akatoka kazini jioni. Vile vifuko vya barafu vilivyowekwa kando ya kalamu vilikuwa vimeyeyuka. Nilivigusa, vilikuwa vuguvugu kama maji ya kunawa. "Hii bado ni dawa?" akaniuliza.

Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi, yaani 36 hadi 46 kwa kipimo cha huku. Kuitazama tu huwezi kujua kama imeharibika. Inaweza kuonekana safi kabisa na nguvu imepungua. Mfamasia wetu alimwambia asiitumie na asiitupe, apige simu kwa waliotuma saa ile ile akiwa na sanduku mbele yake. Tulikaa naye kwenye simu. Walikubali kutuma nyingine, lakini mpaka ifike ilibidi apate ya kutumia, na bima ilikuwa imeshahesabu kwamba ana dawa ya miezi mitatu. Ilichukua simu mbili zaidi kupata ruhusa ya kalamu chache za dharura. Baridi nayo ni adui: insulini iliyoganda inatupwa, hata ikiyeyuka tena.

Kwa vidonge vingi hali si mbaya hivyo. Vinatakiwa kukaa kwenye nyuzi 20 hadi 25, na kupanda au kushuka kidogo kwa muda mfupi kunavumilika. Na si kila kitu cha friji kinakufa kikipata joto. Latanoprost, matone ya presha ya macho, kichupa kikiwa hakijafunguliwa kinakaa friji, lakini maelezo yake yanaruhusu hadi nyuzi 40 wakati wa kusafirishwa, mradi isizidi siku 8. Kwa hiyo usibahatishe upande wowote. Uliza mfamasia, wa posta au wa dukani, umtajie dawa na saa ilizokaa nje.

Jingine ni mahali mzigo unapotua. Kwenye nyumba yenye mlango wako mwenyewe na mtu wa kushinda ndani, posta haina shida. Kwenye apatimenti zenye masanduku ya pamoja yaliyovunjwa kufuli, mimi singeagiza dawa ya kuzuia damu kuganda. Wengi wetu pia tunahama mara kwa mara, mwaka mmoja nyumba mbili. Ukibadilisha anwani kwa mwajiri, usidhani famasia ya posta imejua. Wapigie na wao simu, kivyao.

Mtu wa kumuuliza

Famasia za posta zina wafamasia kwenye simu na wengi ni wazuri. Lakini yule wa kaunta anakuona. Anaona miguu imevimba, anaona umechanganya dawa ya asubuhi na ya jioni, anaona mkono unatetemeka.

Baba mmoja alimwaga mfuko wake kaunta ili nimsaidie kupanga. Vichupa vitano. Viwili vilikuwa losartan, kimoja cha miligramu 50 na kingine cha 100. Daktari alikuwa amempandisha dozi miezi miwili nyuma na kutuma cheti kipya dukani, lakini posta ilikuwa imewekwa kujituma yenyewe, ikaendelea kuleta ile ya zamani. Yeye, mtu mwaminifu, alikuwa akimeza vyote viwili kila asubuhi kwa sababu vyote viwili vilikuwa na jina lake. Alisema kizunguzungu alikizoea.

Hiyo ndiyo sababu sipendi mpango wa kujituma wenyewe kwa mtu ambaye dozi yake bado inachezewa. Daktari akibadilisha chochote, piga simu posta siku hiyo hiyo wasimamishe ya zamani. Na usitegemee kurudisha: dawa ikishaondoka famasia, hawawezi kuipokea na kumuuzia mwingine, na pesa mara nyingi hairudi. Kama unachukua dawa sehemu mbili, waambie wote wawili unachopata kwingine, kwa majina.

Njia ya tatu

Sasa lile swali la mwisho. Baina ya posta na duka la kila mwezi kuna njia ambayo kwa maoni yangu inawafaa wengi wetu, na ni nadra mtu kuijua: dawa ya siku 90, kwa kopei ya posta, ila unaichukua mwenyewe kaunta. CVS Caremark wanayo kwa baadhi ya bima zao, wanaiita Maintenance Choice, ambapo unachagua posta au duka la CVS kwa bei ile ile. Wengine wana orodha ya maduka waliyokubaliana nayo kwa dawa za siku 90. Inategemea mwajiri wako alichagua mpango gani, kwa hiyo jibu la jirani yako wa kiwanda kingine halikusaidii.

Unapata nafuu ya bei na ya safari chache, na bado kuna friji, kuna mtu, na hakuna sanduku juani. Ubaya wake ni kwamba duka ulilolizoea linaweza kuwa halimo kwenye orodha. Letu halimo kwenye orodha kadhaa. Na bado nawaambia watu waulize.

Ningekuwa mimi

Dawa ya presha, ya kolesteroli, ya tezi, metformin, zile ambazo dozi yake haijaguswa kwa nusu mwaka na una anwani ya kudumu: posta, au njia ya tatu ikiwepo. Insulini na vitu vya friji: kaunta kwa nguvu zote, hasa kuanzia Juni mpaka Septemba na kwenye wiki za barafu. Dawa mpya ambayo hujajua kama mwili utaikubali: kaunta, siku 30 kwanza, kwa sababu ukiagiza ya miezi mitatu na ikakuletea kikohozi wiki ya pili, umelipia vidonge 80 vya kutupa. Antibayotiki na dawa za maumivu ya ghafla haziingii kwenye kanuni hii, zinatoka dukani tu. Zile dawa kali zinazosimamiwa zaidi na sheria, kama za ADHD (tatizo la kukosa utulivu na umakini) au maumivu makubwa, sheria ya serikali kuu hairuhusu rifili, yaani kujaziwa tena kwa cheti kile kile; kila mara ni cheti kipya. Huko posta huongeza usumbufu na mara nyingi hudai saini ya mtu mzima mlangoni.

Kuhama bila kuangukia katikati

Ukiamua posta, mwombe daktari vyeti viwili siku moja: cha siku 30 kije dukani, cha siku 90 chenye rifili tatu kiende posta. Hapo ndipo watu wanapoangukia. Ikiwa posta itapitisha cheti chao kwanza, kompyuta ya bima itatuambia sisi "refill too soon," mapema mno, kwa sababu kwa hesabu yake tayari una dawa, hata kama dawa hiyo bado iko kwenye lori Ohio. Na kinyume chake: ukichukua ya dukani leo, posta itakataliwa mpaka siku zako nyingi za hiyo dawa ziishe. Kwa hiyo mpangilio ni huu: chukua ya dukani kwanza, posta wafungue faili lako na cheti kikae kwao, kisha waombe watume ukibakiwa na wiki mbili hadi tatu. Wakisema mapema mno, waulize tarehe kamili ambayo bima itaruhusu, uiandike ukutani.

Ukiachwa mikono mitupu kwa sababu mzigo umechelewa, usikae nyumbani bila dawa ya presha ukingoja. Njoo kaunta ukiwa na kichupa cha zamani. Mfamasia anaweza kuipigia bima kuomba ruhusa ya mara moja, na majimbo mengi yanamruhusu kukupa dawa ya siku chache za dharura bila kumsubiri daktari. Lakini lazima aambiwe. Nikisikia tu "basi, nitarudi," sijui kama umebakiwa na vidonge ishirini au huna hata kimoja.

Wazazi wenye Medicare, na sheria za majimbo

Kama ni baba au mama mwenye Medicare, bima ya serikali ambayo wengi huipata uzeeni, na sehemu yake ya dawa iitwayo Part D, kanuni ni nyingine. Mpango wa Part D haumlazimishi kwenda posta. Ana haki ya kupata dawa zake, hata za siku 90 kama mpango unazitoa, kwenye duka lililo katika mtandao wake, yaani lenye mkataba na mpango huo, ingawa anaweza kulipa zaidi kidogo. Insulini kwa Part D haizidi dola 35 kwa mwezi tangu mwaka 2023, posta au dukani. Mtu akimpigia simu mzee wako na kumwambia amebakiwa na siku tatu kuhamia posta, akate.

Kwa bima za kazini, baadhi ya majimbo yamepunguza makali. New York ilipitisha sheria mwaka 2011 ya kulinda mgonjwa anayetaka duka lake, mradi duka likubali bei ya posta. Lakini waajiri wakubwa wengi hulipia matibabu kwa mfuko wao wenyewe, na mifuko hiyo inafuata sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 iitwayo ERISA, kwa hiyo sheria ya jimbo mara nyingi haiifikii. Anayeweza kubadilisha mpango wako ni mwajiri. Nenda ofisi ya wafanyakazi kazini, eleza tatizo lako kwa maandishi, na kama mko kumi, nendeni kumi. Mipango hupangwa upya kila mwaka, na mtu wa ofisi hawezi kujua shida ambayo hakuna aliyemletea.

Yule mama wa Ijumaa hakuondoka na vidonge vinne. Mfamasia wetu alikaa kwenye simu dakika arobaini, bima ikakubali mara moja ya mwisho, siku 30. Jumatatu, siku yake ya mapumziko, alirudi, tukapiga namba ya nyuma ya kadi tukiwa na mkalimani, na yeye ndiye aliyeuliza maswali. Ikaonekana bima yake ina njia ya tatu, kwenye duka lililo karibu na ghala anakofanya kazi. Si letu. Sasa huichukua huko amlodipine mara nne kwa mwaka, akitoka zamu. Mumewe ana Medicare, na matone yake ya macho bado yako kwetu, kwenye friji, rafu ya pili.